Gata la Sentimita Nne

Jumatatu, 11 Machi 1996

Naanza daftari hili leo kwa sababu nimetukanwa, na tusi lisipoandikiwa tarehe mtu hulisahau, akaja akacheka na aliyemtukana.

Alikuja binti hapa Keko, mpaka kwenye meza yangu ya kupigia randa, bomba la plastiki la kubebea michoro begani kama mwenye podo la mishale. Alitazama makabati yangu mawili, akatazama kitanda cha sita kwa sita ambacho barabara nzima inajua hakuna mkono wa kukichonga ila huu, kisha akauliza:

"Fundi, unajua kusoma mchoro?"

Mie, Twalib. Niliyezamia meli nina miaka kumi na tisa nikatokea Pireo, Ugiriki, nikapaka rangi chumba cha kapteni hadi akanivulia viatu vyake akanipa. Shule niliishia la sita na robo, ni kweli, lakini bahari ilinimalizia yaliyobaki.

"Dada," nikamwambia, "mie nasoma hata mchoro ambao haujachorwa."

"Huo sina haja nao. Soma huu."

Leodegar, Mpogoro wa Mahenge ninayegawana naye banda, alicheka mpaka akakalia kopo la gundi. Halikuwa na mfuniko. Mungu yupo.

Binti anaitwa Kokuberwa, Mhaya, anakaa kwa mjomba wake Kimara. Yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea kuchora majengo. Anataka modeli ya nyumba, kila mita kumi za kweli ziwe mita moja, yaani kitu cha ukubwa wa kabati la vyombo. Nyumba yenyewe ina vyumba sita vya kupangisha, vitatu kushoto na vitatu kulia, uwanja katikati. Mapaa hayamwagi maji nje kama mapaa ya watu wenye akili. Yanalalia ndani, maji yaingie kwenye gata, gata liyapeleke kwenye tangi chini ya uwanja. Tarehe kumi Mei walimu wake watakaa kama mahakimu na kuimwagia maji kwa ndoo. Ikivuja amefeli, na akifeli anarudi Bukoba, maana siku hizi hakuna wa kumsomesha mtu mwaka mmoja mara mbili.

Leodegar akasema nyumba hiyo inakaribisha mvua kama mkwe.

Kazi nimeichukua. Si kwa kumpenda. Nataka siku hiyo aje aniombe radhi.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Mbao zote ndani. Tumelala njaa ya kazi.

Jumamosi, 16 Machi

Amekuja na rula yake ya pembe tatu, yenye namba kila upande. Nikasema mie napima kwa jicho. Akasema jicho lako lipeleke kwenye kabati, hapa tutatumia rula. Amekaa kwenye kigoda tangu asubuhi anatazama mkono wangu. Hata mke wangu hanitazami hivyo.

Jumatano, 20 Machi

Leo kavuka mpaka. Alisema anataka kuona watu wanavyokaa kwenye nyumba za kupanga, nikampeleka kwangu Temeke, nyumba aliyoijenga marehemu baba. Farida mke wangu akamkaangia mihogo, akamtolea na pilipili ya kusaga. Huyu binti akashika kamba ya kupimia, akatembea ukumbini toka mlango wa mbele hadi uani, akaandika, akasema:

"Huu ukumbi unakula theluthi ya nyumba, na hauna hewa wala mwanga. Mchana mnawasha taa."

"Baba yangu alizikwa akitokea kwenye ukumbi huo," nikamwambia.

"Pole. Lakini hauna hewa."

Nikageuka kwa Farida anisaidie. Farida akasema, "Si kweli anachosema? Mie nimeanguka na sufuria mara ngapi humo?" Kisha akamwuliza hilo tangi linajaa madebe mangapi, maana amechoka kungoja mikokoteni ya maji. Wakakaa jikoni wawili saa nzima wanachora kwa mkaa sakafuni. Nyumbani mwangu. Mihogo yangu.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua.

Jumanne, 26 Machi

Upande wa kushoto umekwisha. Siwezi kudanganya daftari langu: umetoka mzuri. Mninga mtupu, madirisha ya luva ambazo ukipuliza upande huu mshumaa unazimika upande wa pili. Gata ni bati la kopo la maziwa, upana sentimita nne. Nilimwambia nne ni kubwa, linaonekana kama mdomo wa kiboko, mbili zinatosha kupitisha maji yote.

"Maji hayana neno, fundi," akasema. "Kinachoua gata ni majani. Takataka lazima zipate pa kupita."

"Mie nimeona magata ya Ugiriki."

"Ugiriki wana mwarobaini uani?"

Leodegar tangu hapo ananiita Mgiriki.

Jumatano, 3 Aprili

Hajaja wiki nzima, yuko chuoni anachora. Nafanya upande wa kulia peke yangu, na raha imerudi mkononi. Gata la kulia nimelikata sentimita mbili. Limekaa vizuri, jembamba kama wanja. Hatagundua, na akigundua atakuwa ameshaona uzuri wake. Ukumbi wa baba nao umelipiwa kisasi.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwekea zawadi. Mlango wa mbele nimeuchonga maua, mlango wa kisultani hasa, siku mbili nzima kwa patasi ndogo. Kesho anakuja.

Alhamisi, 11 Aprili

Amekuja. Alisimama, akautazama mlango, uso ukamkauka.

"Nani kakuomba maua?"

"Zawadi, dada."

"Nimechora nyumba ya mtu wa kipato cha chini, wewe umeniwekea mlango wa sultani. Walimu wataona hiki tu." Sauti ikapanda, Keko nzima ikaacha kupiga misumari. "Hii si nyumba yangu. Sikuichora hii. Siitaki."

Nikamwambia wapo waliosoma mpaka wakapoteza macho. Akasema na wapo waliosafiri mpaka hawakurudi na kitu. Akaondoka na bomba lake katika manyunyu.

Nilikaa. Nikakasirika hadi saa kumi, kisha nikachukua randa nikafuta maua yote. Maneno yake yalikuwa mabaya lakini mlango kweli ulikuwa mkubwa kuliko nyumba. Nikapaka vanishi upya.

Ijumaa, 12 Aprili

Naandika hata viatu sijavua.

Asubuhi jua lilitoka, la kwanza wiki hii. Vanishi ilikuwa bado inanata, nikaitoa modeli nje, nikaiweka juu ya madebe mawili kando ya barabara ipate jua. Saa sita na nusu nikaenda kuswali. Ijumaa Leodegar ananiangalizia meza, na Jumapili mie namwangalizia yake, miaka minane sasa. Nimerudi, madebe yapo. Juu yake hakuna kitu.

Leodegar anatabasamu hadi masikioni. "Mgiriki, nimekuuzia lile balaa lako."

Mtu wa nje hataelewa, basi niandike. Hapa Keko mteja akiagiza kitu kisha akakikataa, fundi hapigi kelele. Anakitoa barabarani, na kikishatoka barabarani ni cha yeyote. Kisichouzwa kinakaa ndani. Hakuna aliyetufundisha, ndivyo tulivyo. Leodegar jana kasikia kwa masikio yake binti akisema siitaki. Leo kaiona barabarani, inang'aa vanishi mpya. Ningekuwa mie ningeiuza pia, tena mapema zaidi.

"Nani kanunua?"

"Mama mmoja mtu mzima, pikapu ya kijani, nyuma ana magunia ya pumba. Kauliza, hii nyumba inaingia njiwa wangapi. Nikamwambia kumi na wawili na mgeni mmoja."

"Njiwa?"

"Mie nijue? Ina vyumba, ina milango, ina maji. Kasema anapeleka shamba kwake, Madale."

Nikamwambia neno ambalo sitaliandika, nimetoka kuswali leo.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimemweleza Kokuberwa. Nilitegemea alie, nilikuwa na kitambaa kisafi mfukoni. Hakulia. Alikaa juu ya mbao zangu, akatazama yale madebe.

"Mimi ndiye niliyesema siitaki," akasema.

"Ulisema kwa hasira."

"Hapa kwenu neno la hasira halisamehewi?"

"Hapa neno la hasira ndilo tunalopigia bei."

Akasimama. "Wiki nne, fundi. Tafuta nyumba yangu."

Jumanne, 16 Aprili

Nimefika Madale. Vilima, matope, mashamba ya watu waliojificha. Pikapu ya kijani hakuna aijuaye. Nimerudi na kiatu kimoja kizima.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimeanza kutengeneza nyingine. Mbao mbichi, mvua haikatiki. Leodegar ananisaidia wala haniiti Mgiriki, ujue mambo ni mabaya.

Jumatano, 24 Aprili

Kuta za modeli mpya zimepinda kama ndizi. Nimezichoma, zimechemsha chai.

Kokuberwa alipita. Alitazama moto akaenda zake.

Alhamisi, 25 Aprili

Dhoruba. Bati mbili za banda zimekwenda kwa jirani. Ukumbi wa baba umejaa maji hadi kifundo cha mguu. Farida anayakumba kwa sahani na ananitazama.

Jumapili, 28 Aprili

Idi. Pilau nimeila bila kuionja.

Jumamosi, 4 Mei

Imepatikana. Nitaandika yote.

Muuza pumba wa Tegeta ndiye aliyetuambia. Mwenye pikapu anaitwa Margareta, mkunga mstaafu, ana njiwa wengi kuliko majirani. Tulikwenda watatu, mie, Leodegar na Kokuberwa. Mlima wa mwisho tulipanda kwa miguu, viatu mkononi.

Mama yule alikuwa amesimama mlangoni na fagio. "Shikamoo mama," tukasema. "Marahaba. Nyie ndio wenye ile nyumba?"

"Ndio sie," nikasema, nikaanza kutabasamu. Nilidhani tumefika kwa mtu mwema.

"Karibuni muone mlichonifanyia."

Modeli imesimama uani juu ya nguzo nne, chini ya mwarobaini. Mvua imeipiga wiki tatu. Mama Margareta akafungua mlango wa kushoto. Ndani pakavu kama mfuko wa bahili. Njiwa jike amelalia mayai, akatutazama kama mwenye nyumba anavyotazama wadaiwa. Kisha akafungua wa kulia. Harufu ikatutangulia kutoka. Majani yamelowa, yamekuwa meusi, na katikati yake mayai manne baridi, maji bado yamesimama.

"Siku ile ya dhoruba," akasema. "Mama zao walikaa mpaka maji yakawafika kifuani, ndipo wakaruka. Mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini. Sijaona nyumba ya namna hii. Upande mmoja hospitali, upande mmoja kaburi."

Kokuberwa alitoa ile rula ya pembe tatu, akapanda kigoda, akapima gata la kushoto. Nyoya moja tu lilikuwa humo. Akasogea kulia. Gata la kulia lilikuwa limejaa manyoya na majani ya mwarobaini, limekaza kama godoro, maji yamepita juu yake na kuingia ndani. Akachokoa kwa kidole. Akaweka rula. Akaiacha pale pale.

"Fundi, njoo usome."

"Unaiona mwenyewe."

"Nakuomba uisome."

Akashuka, nikapanda. Mie niliyesoma bahari. "Mbili," nikasema.

Leodegar akaanza kuitazama miti. Hakuna aliyenitukana, na leo ndiyo siku niliyotaka kutukanwa.

Kokuberwa alimweleza mama habari ya tarehe kumi. Mama akasema kitu amenunua, hakuiba. Akasema jike akitolewa kiotani huacha mayai, na nyundo isigongwe hapo hadi yaanguliwe. Kokuberwa akasema hataki kumtoa, modeli iende naye ndani. Wakabishana kama wanaume wa bandarini, ndoo ya maji ya tangi la modeli katikati yao, mama anamnywesha mbuzi huku akitukana. Mwisho akasema, "Itakwenda na mimi na njiwa wangu, na itarudi na mimi na njiwa wangu. Na hilo kaburi mtakwenda nalo hivyo hivyo, mahakimu wenu walione."

Njiani kurudi nilisema, "Dada Kokuberwa."

Akasema, "Usiniite dada."

Jumanne, 7 Mei

Kazi hakuna. Watu wananunua viti vya plastiki toka Dubai. Nimefikiri sana kuhusu uongo. Nikisema mvua ndiyo iliyovimbisha mbao, hakuna atakayejua isipokuwa watu wanne na njiwa mmoja. Leodegar amesema yeye hatasema. Farida amesema nikidanganya, na chakula yeye hatapika.

Ijumaa, 10 Mei

Tulifika nayo chuoni wanne, mama Margareta akiongoza kama askari wa msafara, mkono mmoja umeziba mlango wa kushoto. Chumba kirefu, michoro ukutani, wanafunzi wamevaa mashati ya kuazimana. Walimu watatu mezani. Wa katikati ana tai na uso wa mtu aliyekula limau.

Akazunguka modeli. Akainama kwenye mlango wa kushoto, akaruka nyuma.

"Humu kuna nini?"

Kokuberwa akasema, "Mpangaji."

Wanafunzi wakacheka. Mwenye tai hakucheka. Akasema hapa si sokoni, kisha akasema ameshasoma mchoro wake, na tangu mwanzo alimwonya kuwa paa la kulalia ndani halifai pwani, ni mchezo wa vitabuni. Akaagiza ndoo.

Akamwaga kushoto. Maji yakateremka, yakaingia kwenye gata, yakashuka kwenye tangi kwa sauti kama ya chai ikimiminwa. Jike hakusogea hata bawa. Akamwaga kulia. Gata lilichukua kidogo, likajaa, likafurika, chumba cha mwisho kikaanza kudondosha maji mezani, juu ya karatasi zake.

"Ndiyo haya niliyosema," akasema, akachukua kalamu.

Mie nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeitwa kubeba tu. Miguu ikanipeleka.

"Samahani mwalimu. Shikamoo. Hilo gata la kulia si lake."

"Wewe ni nani?"

Miaka yote nimengoja mtu mwenye tai aniulize hivyo, nimwambie Pireo, nimwambie kapteni. Nikasema, "Fundi. Mchoro unasema nne. Kushoto alikaa akanitazama, nikakata nne. Kulia hakuwepo, nikakata mbili. Nilikuwa nimemkasirikia. Mtu akitaka kumfelisha kwa upande wa kulia, anifelishe mie, na mie nilishafeli zamani, la sita."

Mama Margareta akasema toka nyuma, "Na mayai manne."

Mwenye tai akamgeukia Kokuberwa. "Mchoraji hasemi fundi amekosea. Mchoraji hukagua. Kwa nini hukukagua upande wa pili?"

"Nilikuwa nimekagua wa kwanza," akasema. "Wa pili nilimwamini."

Hakuniangalia aliposema. Nimeshapigwa na Wagiriki watatu kwa mpigo na haikuuma hivyo.

"Kwa hiyo nyumba yako haiwezi kusimama mpaka kila fundi awe mwaminifu?"

"Hapana, mwalimu. Inataka sentimita nne tu."

Wakanong'onezana. Yule mwalimu wa pembeni, mama wa miwani, alikuwa bado ameinama kwa njiwa. Wakasema arudi tarehe kumi na saba, upande wa kulia uwe kama mchoro, maji yamwagwe tena. Ikivuja, basi.

Jumatatu, 13 Mei

Madale. Mayai ya kushoto yameanguliwa jana, makinda wawili vipofu na wabaya kama mie. Nyundo bado marufuku, nafanya kwa gundi na skrubu za mkono. Kokuberwa amekaa kwenye kigoda tangu asubuhi anatazama mkono wangu. Mama Margareta amekaa upande wa pili na fagio.

"Ngapi?" Kokuberwa akauliza.

"Nne."

"Pima."

Nikapima. Nne. Akasema pima tena. Nikapima tena.

Ijumaa, 17 Mei

Wamemwaga ndoo tatu. Tone halikuingia. Mwenye tai kaandika. Amefaulu.

Hakunishukuru, na ana haki.

Jumamosi, 8 Juni

Masika yamekwisha. Nimebomoa theluthi ya ukumbi wa baba na kuuacha wazi juu. Mwanga umeingia hadi jikoni, Farida anaimba, sitaki kumsikia. Gata nimelifanya sentimita arobaini. Jirani anauliza kama nafuga mamba.

Leo Kokuberwa alikuja Keko. Amepata kazi kwa mkandarasi, anaondoka Jumatatu kwenda Mwanza. Alisema, "Fundi Twalib." Jina langu hakuwahi kulitaja. Akatoa ile rula ya pembe tatu, akaiweka juu ya randa.

"Si zawadi," akasema. "Nakuachia ili mwingine akija usiseme una jicho."

Nikamwambia Pireo kuna rula nzuri zaidi. Akasema niende nikailete. Akavuka barabara, bomba lake begani.

Nimepiga msumari mbele ya banda, nimeitundika barabarani, mahali ninapoiona nikiwa nakata. Saa tisa alisimama bwana mmoja na gari, akaishika, akaigeuzageuza.

"Hii bei gani?"

Leodegar akanitazama, mdomo wazi, maana hapa kwetu kilicho barabarani kina bei.

"Hicho hakiuzwi," nikasema.